Damu Iliyokataa Kukatika

Bado naikumbuka asubuhi ile kule Lweba, kando ya ziwa, mjukuu wangu, nilipoinuka kwenye ndagala, wale dagaa tuliokuwa tunaanika, nikaona giza nikaanguka. Nilikuwa msichana mdogo, sijazoea hedhi, na damu ilikuwa imetoka wiki mbili bila kukatika. Kila nikibadilisha kitambaa nilijiambia labda kesho itakoma.

Mama alijua, wala hakushtuka. Nyumbani kwetu waliamini damu ya mwezi ni uchafu, na anayetokwa na nyingi anajisafisha. "Acha itoke yote," aliniambia. "Ukiifunga, itakupanda kichwani." Akanichemshia mizizi ya kuisukuma zaidi. Nikanywa, kwani nani angembishia mama? Asubuhi ile nilipoanguka ndipo waliponilaza kwenye mtumbwi wa mota, tukaenda hospitali mjini Baraka.

Muuguzi aliyetupokea, mwanamke wa makamo, alitazama viganja vyangu vyeupe akakunja uso.

"Mama, hii haiko uchafu," alisema. "Kila mwezi ngozi ya ndani ya kizazi inabanduka, kisha homoni zinaiamuru iote tena, damu inakatika. Kwa batoto kama huyu, homoni hazijazoea kazi. Ndani iko kidonda wazi."

Akatoa vidonge vya homoni. Mama aliruka, maana ndivyo walivyopewa wanawake wa kupanga uzazi.

"Unataka kumufunga mutoto wangu kizazi? Nani atamuoa?"

"Na akikufa, nani atamuoa?"

Mama akalia. Alinitazama midomo iliyopauka, kisha akanishikia kikombe cha maji mwenyewe nimeze vile vidonge. Damu ilikatika, lakini hofu kwamba sitazaa haikumtoka. Aliishi nayo miaka, hata baada ya mimi kuolewa, mpaka siku alipompokea mama yako mikononi akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio.

Sasa nimeona vitambaa unavyovificha nyuma ya jiko. Nimeshikwa na wasiwasi kuliko siku ile, maana wakati ule sikujua kinachoweza kutokea. Damu ikipita wiki, ikikulowesha upesi, ikikutia kizunguzungu, usingoje iishe yenyewe. Usinywe mizizi ya kuisukuma. Sema siku hiyo hiyo, hata kama unaona haya, hata kama ni mimi nitakayefoka.

Vaa kitenge, mwanangu, twende hospitali sasa hivi. Mungu akukatie damu hii, akurudishie nguvu, na akuache uzeeke kuliko mimi.