Hukumu ya mashine ya fotokopi

Wiki hii, katika duka la fotokopi mtaani kwetu Nyamianda, nilimwona mwalimu wa kompyuta akishindwa, na nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Alikuja kuchagua kitabu cha kuwafundishia wanafunzi wake kutengeneza tovuti. Mezani vilikuwapo viwili: kimoja kinene, chenye jalada linalong'aa, kingine chembamba, kimechakaa. Kile chembamba alikishika kwa vidole viwili, kama ndagala, yaani dagaa, aliyeoza.

"Hii haiko kitabu," alisema. "Iko ya batoto."

Huku kwetu vitabu vya namna hiyo hatununui. Tunakopisha sura moja kwenye mashine, tukimaliza kuisoma tunarudi kukopisha nyingine.

"Papa, minye sijue kompyuta," akajibu mama mwenye mashine. "Lakini ile munene, muntu anakopishaka sura ya kwanza, hatumuone tena. Hii ya kuzeeka, banarudiaka mupaka sura ya mwisho."

Akavisimamisha vyote viwili, akamwonyesha kingo za kurasa. Kile kinene kilikuwa na weusi wa vidole mwanzoni tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Kile chembamba kilikuwa cheusi chote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Miaka yote ninayoandika kuhusu vitabu, sijawahi kutoa hukumu ya haki kama ile. Nilijizuia kupiga makofi.

Mwalimu akakuna kidevu. "Basi unitolee hii. Yote."

"Yote?" mama akamtazama. "Weye umalize kwanza sura ya kwanza, Papa. Utarudia hapa."