Mimba ya Binti wa Kapteni

Sehemu ya nne ndiyo iliyotugombanisha. Mwishoni mwa sehemu ya tatu, binti wa kapteni alikuwa msichana mwembamba anayejifunga mkanda kwenye kiti cha chombo chao cha angani. Sehemu ya nne ilipoanza alikuwa na tumbo la miezi sita, na sisi wanne tuliokuwa sebuleni hatukuwa tumeona mwanamume hata mmoja akimshika mkono.

Mama yangu akainua kidole. "Simamisha pale," akasema. Kisha akanigeukia mimi, ingawa aliyekuwa na kompyuta ni mume wangu, hatua tatu tu kutoka alipoketi yeye. "Uulize bwana yako: ile mimba ilitoka wapi?"

Ndivyo walivyozungumza, kwa kupitia kwangu. Kwetu mama na mume wa binti yake wana buko kati yao, yaani ukwe wenye haya: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jambo lolote la kitandani likipita mbele yao wakiwa pamoja ni aibu ya kuoshwa kwa kuku mweupe. Bibi yangu alipokutana na mkwewe njiani aliingia majanini mpaka yule apite. Mama, binti wa fundi wa reli, aliyezaliwa na kukulia mjini, mtaa wa Kamalondo, hakuwa mtu wa kuingia majanini. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, mtaa wa Katuba, akaketi karibu na mlango. Mume wangu aliketi kwenye kigoda akimpa bega, na wote wawili wakatazama televisheni, mimi katikati nikipeleka maneno huku na huku kama tarishi.

Hadithi yenyewe ilikuwa na sehemu tisa, imewekewa sauti za Kifaransa. Watu wa sayari iliyoungua wanasafiri kizazi baada ya kizazi ndani ya chombo kikubwa kama komine nzima, yaani wilaya nzima ya mji, wanatafuta pa kushukia. Mume wangu aliipata kwa rafiki yake wa mtaa wa Golf mwenye intaneti nzuri, akawa analeta sehemu moja kila wiki kwenye flashi. Mama aliipenda kuliko sisi sote. Tangu baba afariki, hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichomwona akikisubiri.

Wa nne wetu alikuwa jirani, mwalimu wa fizikia, mtu wa Kasai, ambaye mtaa mzima tunamwita Prof. Yeye hakuja kutazama, alikuja kukamata makosa. Mlipuko angani ukisikika, anaruka: sauti inapita wapi na hewa hakuna? Siku ile ya mimba alipiga goti lake kwa furaha.

"Mwenye aliandika hii alilewa," alisema. "Voilà. Analewa, anasahau, anaendelea."

Mume wangu akakohoa. "Umuambie mama," akaniambia, "ile sayari yenye balipita karibu yake mu sehemu ya pili, mwangaza yake inapatiaka banamuke mimba. Njo maana kapteni alikataza bantu kufungua madirisha."

"Mwangaza!" Prof akalia.

"Ehee," mama akasema, na akatulia. "Basi endelea."

Mimi sikuamini. Si kwa sababu ya fizikia, ambayo niliiacha shuleni bila majonzi. Mimi nauza dawa kwenye famasi mjini, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja: sanduku likishafunguliwa na kufungwa tena, gundi yake hukuambia. Jibu la mume wangu lilikuwa na gundi ya pili. Lilikuja haraka mno, na ndani ya hadithi niliyoiona kwa macho yangu hapakuwa na neno juu ya madirisha.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia vizuri. Mlinzi wa mlango mkubwa wa chombo aliacha zamu yake bila sababu, maadui wakaingia, watu kumi na wawili wakafa. Kwa nini aliondoka? Mume wangu akasema alilishwa dawa ya kuharisha. Daktari wa chombo, mwanamke mkali, alimchukia fundi wa mitambo mpaka kumtemea mate, na sehemu iliyofuata wakawa wanaishi chumba kimoja. Imekuwaje? Mume wangu akafikiri kidogo, akasema waligundua kwamba ni ndugu wa tumbo moja, walipotezana sayari ilipoungua. Mama alifurahi sana siku hiyo. Prof alisema mwandishi sasa ameongeza chupa.

Na jambo lingine, sehemu zilikuwa zinafupika. Ya kwanza ilituchukua saa mbili kasoro. Ya sita ilikwisha kabla maharagwe yangu hayajaiva.

Kila Jumamosi mchana mume wangu alijifungia chumbani na kompyuta. Nikigonga, "Niko natengeneza machine." Machine gani inaharibika kila Jumamosi saa ileile? Mwezi uliotangulia kazi ilimpeleka Kilwa, ile ya ziwani, siku tano zikawa kumi na moja. Akarudi na samaki wa kukaushwa wa kutosha ukoo mzima, na hadithi ya barabara mbovu. Barabara ya Kilwa ni mbovu kweli, ndiyo sababu kila mume anaweza kuisingizia. Nikamuuliza juu ya yule rafiki wa Golf: ni mwanaume ao ni mwanamuke? Akacheka, "Weye nawe!" Hilo si jibu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nikihesabu mawingu.

Jumamosi moja niliingia na chai bila kugonga, maana alisahau kufunga kwa ufunguo. Alibofya haraka, lakini nilikuwa nimeshaona faili lililoandikwa "Privé", yaani la siri, na picha ndogo juu yake: bega la mwanamke, tupu, na nywele zimelala juu yake. Nikaweka chai mezani. Akasema asante.

Wiki ile nzima nilikula na kulala na lile bega. Nilimpitisha akilini kila mwanamke niliyemjua, nikamvua nguo begani, nikalinganisha. Kompyuta ilibaki nyumbani siku mbili, ningeweza kuifungua nikiwa peke yangu. Sikuthubutu. Kusema kweli niliogopa kuliona jambo lile bila mtu wa kunishika.

Jumapili tukatazama sehemu ya saba. Fundi wa mitambo alikufa nje ya chombo, kamba yake imekatika, na daktari akapiga magoti kwenye kioo akalia mpaka sauti ikakauka. Mama naye alikuwa analia. Kaka yake alikufa mji wa Likasi na yeye mama hakuwahi kufika kwenye maziko.

"Simamisha," Prof akasema. "Kama ni ndugu yake, juu ya nini anavaa pete yake?"

"Kwabo njo desturi," mume wangu akajibu bila kugeuka. "Ndugu akikufa, dada anavaa pete."

"Prof, uache," mama akasema huku anajifuta kwa kitenge. "Kilio ya ndugu minaijua miye. Ile inatoka mu tumbo."

Wakati huo honi ikapigwa nje: gari letu lilikuwa limeziba mlango wa lupango, ua wetu na majirani, na jirani mwingine anataka kutoka. Mume wangu akachukua funguo, akaenda. Kompyuta ikabaki imeunganishwa na televisheni. Nikatazama ile kompyuta, nikamtazama mama anayelia kwa ajili ya maneno ya mume wangu, na hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, mtu huyu anatudanganya sote, na anatudanganya vizuri.

Nikaketi kwenye kigoda chake.

"Uko nafanya nini?" mama akauliza.

"Iko kitu bwana yangu ananificha, mama. Leo mutaona bote."

Nikafungua "Privé", nikabofya kipande cha kwanza. Bega likatokea, safari hii kwenye televisheni, kubwa kama mlango. Nikaukodolea macho uso wake nikitafuta mwanamke wa Golf, mwanamke wa Kilwa, mteja wa famasi. Nilikuwa natafuta kwa bidii kiasi kwamba sikumtambua daktari wa chombo mpaka alipogeuka, na mikono iliyomshika mgongoni ilikuwa ya fundi wa mitambo, na walikuwa wakibusiana kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri.

"Na ndugu yake!" mama akapiga kelele. "Yezu Maria, na ndugu yake!"

"Mama," Prof akasema polepole, "haina ndugu yake. Njo bwana yake."

Nikatafuta pa kuzima. Vidole vilikuwa vyangu lakini havikunisikia. Kipande kikaisha na kingine kikafuata chenyewe: yule mlinzi, mgongo kwenye ukuta, na msichana wa maadui anamfungua vifungo. Kisha rubani kijana na binti wa kapteni, ndani ya blanketi moja. Maswali yetu yote ya wiki saba yakajibiwa pale kwa mfuatano, na mwandishi hakuwa amesahau kitu. Nilipoinua uso, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Kati yake na televisheni alikuwa mama yangu.

Mama alivuta kitenge, akajifunika kichwa chote na uso, akapita jikoni akipapasa ukuta, akatokea mlango wa nyuma. Mume wangu alichomoa waya. Prof alikuwa anatafuta kofia yake aliyokuwa ameikalia.

"Kumbe hakulewa," akasema, na akaenda zake.

Basi hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi: kukata vipande vya mapenzi na kuvificha. Macho hayana pazia, husema watu, na mume wangu alikuwa akimshonea mama yangu pazia, busu kwa busu, kisha akiziba kila tundu kwa uongo ili hadithi isimame. Kila uongo ulimlazimisha kukata zaidi. Akishasema hawa ni ndugu, ilibidi aondoe hata kushikana mikono. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuniambia. "Ungecheka mbele yake," alisema. Ni kweli, ningecheka. Na rafiki wa Golf ni mhandisi mwenye upara, nimeshamwona.

Mama hakuja Jumapili tatu. Ya nne nikaenda Kamalondo mwenyewe. Alinipokea uani, akipembua mchele, na hakuniambia niketi.

"Kuku mweupe," alisema. "Na ulete weye. Haina yeye. Yeye hakukosa."

Kesho yake nikampelekea. Alimshika miguu, akamwinua akamtazama chini ya mabawa kana kwamba hata kuku wangu ana la kuficha, akamfunga kwenye mguu wa meza. Hapo ndipo aliponipa kiti.

"Ya mimba nilijua," akasema. "Nilizala batoto saba, haikutokaka mu dirisha. Nilijua ananidanganya, na nilijua juu ya nini, juu ya haya yetu. Nilikuwa nauliza juu nisikie ataitoa wapi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ya ndugu, pale alinipata. Ile nililia kweli."

Nikaomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Ya miye naye, kuku inaimaliza. Jumapili nitakuya. Ya weye naye, mwanangu, haina kuku."

Niliona ni maneno ya mama tu. Nikarudi nyumbani mwepesi, karibu nikimbie, maana nilikuwa na habari njema. Mume wangu alikuwa kwenye ngazi ya nyuma anapiga viatu rangi. Nikamwambia kuku amepokelewa, mama atakuja, bado sehemu mbili, arudi kwa yule mhandisi. Akasema vizuri. Akaendelea kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa.

Halafu akauliza, bila ukali: "Ulikuwa natafuta nini mule?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema kweli. "Mwanamuke."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeshaijua bei. Aliweka kiatu chini.

"Na kama ungemukuta, ungemuonyesha mama mbele yangu?"

Nikasema hapana. Nililisema haraka, kama yeye alivyosema juu ya mwangaza wa sayari, na nikaona usoni mwake kwamba hakuniamini. Sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa nimewaambia mama na Prof watazame, na nilikuwa nimebofya.