Friji la Mjomba na Meno ya Mama

Harufu ya boksi jipya, ile kadibodi iliyochanganyika na plastiki na lile povu jeupe linalolia kama panya ukilivunja, inanitia aibu mpaka leo. Wenzangu wakiisikia wanafurahi, wanajua kuna kitu kipya ndani. Mimi unanijia uso wa mama yangu.

Mwezi uliopita tulinunua friji hapa Ruangwa, mimi na mume wangu. Likaja juu ya guta la magurudumu matatu, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi. Muuzaji akasema tusiliwashe mpaka kesho yake, tuliache lipumzike. Alipogeuka tu, mume wangu akaanza kutafuta soketi. Jamani, nilimfokea mpaka mtoto akaamka. Akaniuliza, "Mama Imu, kosa langu nini?" Hakuwa na kosa kubwa. Ukali ule ulikuwa wa mtu mwingine, nimekaa nao kifuani tangu nikiwa darasa la tatu.

Kwetu ni Nachingwea, upande wa kutokea kwenda Naipingo. Sisi Wamwera, kama hamjui, mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakulisha, lakini likija jambo zito watu wanamtazama mjomba. Wa kwangu alikuwa kaka mkubwa wa mama, ana kazi yake Dar es Salaam, anakuja msimu wa korosho na viatu vyeusi visivyoshika vumbi, watu wazima wanamwamkia wakiwa wamesimama. Mwaka ule alikuja na lori lililofuata korosho. Nyuma ya lori, limelazwa chali juu ya magunia matupu, kulikuwa na boksi refu kuliko baba.

Mama alikuwa ameliomba friji hilo muda mrefu. Alitaka kuuza barafu za ubuyu pale shuleni kwetu, aache vibarua vya kulima mashamba ya watu. "Nikikabidhiwa hilo," alikuwa akisema huku akipepeta, "sitamsumbua mtu tena." Neno lake lilikuwa hilo, kukabidhiwa. Alitaka aonekane mtu wa kukabidhiwa kitu.

Boksi lilipofika mlangoni bibi akalizuia. Ubavuni lilikuwa limechorwa bilauri yenye mguu mwembamba, na bibi bilauri za namna ile alikuwa ameziona sehemu moja tu, kwenye picha za walevi ukutani mwa baa.

"Hiki chombo cha pombe," akasema. "Hakilali ndani mwangu. Leo Alhamisi, kesho tunaswali."

Mjomba akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, hiyo ni alama tu. Maana yake kuna kitu cha kuvunjika humu, mtu abebe taratibu."

"Sasa si wangechora yai?"

Watu wakacheka, bibi akakubali kwa shingo upande, friji likasimamishwa sebuleni. Mama akalizunguka, akafuta vumbi kwa pindo la kanga. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Kaka, limetoka mbali. Mgeni siku ya kwanza hapewi jembe. Tuliache lipumzike, kesho ndiyo tuliwashe."

Ndugu zangu, mama hakujua lolote kuhusu friji. Alisema kama alivyofundishwa kumpokea aliyetoka safari. Lakini alisema.

"Mama Zuhura," mjomba akajibu, akiwatazama majirani waliojaa mlangoni, "hili limelima wapi hata lichoke? Toka Dar limekuja limelala. Tuliokesha ni sisi."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilifika sokoni. Lori lilikuwa linaondoka jioni ileile, na mjomba alitaka watu wanywe maji ya baridi kwa mkono wake kabla hajapanda. Akalisukuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akachomeka waya kwenye ekstensheni ileile yenye redio na televisheni. Taa ikawaka ndani. Majirani wakasema "aaah" kama wameona mtoto mchanga. Kila aliyekuja alifungua mlango aone taa, akafunga, akafungua tena aone kama imezimika. Mimi nilitumwa kwa jirani kuazima majagi, nikachukua muda wangu nikitangaza njia nzima kwamba kwetu kuna barafu.

Niliporudi lilikuwa linagonga, ko ko ko, kama mtu aliyefungiwa ndani. Kisha likanyamaza. Taa inawaka, sauti hakuna. Mjomba akasubiri, akapiga ubavu kwa kiganja, akasubiri tena. Maji yaliyowekwa humo yakatolewa, yakamiminwa kwenye vikombe, na mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa amevaa kofia yake nzuri kwa shughuli hiyo, akaonja akasema, "Haya ya kumwogeshea mtoto."

Hapo ndipo mjomba alipoufungua mlango na kuinama. Katikati kulikuwa na sufuria ya maharage, bado inafuka, mvuke umeloanisha kuta zote.

"Nani ameweka moto ndani ya friji?"

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mwanamke wa kwetu akimtazama kaka yake. Halafu akasema, "Mimi, kaka."

"Mmeona, jamani. Mtu kazoea mafiga, unampa friji."

Kila mtu alicheka. Mama alitoa sufuria kwa pindo la kanga, akapita nayo katikati yao kwenda jikoni. Mimi nikaingia ndani ya boksi tupu lililoachwa uani, limelala ubavu, nikajikunja humo kwenye harufu ile. Ubavu mmoja ulikuwa umechanwa, umekunjiwa ndani, na karibu na uso wangu ilikuwepo bilauri ya bibi, na kando yake mishale miwili iliyoelekea ukutani. Nilifuatisha mishale ile kwa kidole mpaka lori likaondoka. Niliona aibu kuwa mtoto wa mama yangu. Ndivyo ilivyokuwa, sitaipamba.

Friji halikuwaka tena. Fundi alikuja, akalitikisa, akaondoka. Likawa kabati la unga na kanga za bibi. Mama akapata jina, Mama Friji, akarudi kwenye vibarua vyake na jembe begani. Shuleni waliniuliza kama kwetu chai tunachemshia kwenye friji. Mwaka uliofuata mjomba alileta cherehani, mama akaitazama kama alivyolitazama boksi, lakini ikapelekwa Kiegei kwa mama mdogo. "Huyu tukimpa," mjomba alisema, "ataipika na maharage." Kila kitu cha ukoo kilichohitaji mtu wa kukabidhiwa kilimpita mama yangu kama gari lisilo na kituo. Na mimi nilikuwa nikimwomba asinifuate shuleni.

Kitu kingine nilikiona bila kukielewa. Tukienda kwa watu wenye friji, mama hakuligusa. Hata akiambiwa ajichukulie maji, aliomba ya mtungini. "Meno yangu hayataki baridi," alisema. Nilikua nikijua mama yangu ana meno mabovu. Nilipoajiriwa dukani nilimnunulia hata dawa ya mswaki ya meno yanayouma.

Sasa rudini hapa Ruangwa, siku ya guta. Muuzaji aliposema lile neno, lipumzike, nilimuuliza swali la mjomba bila kujijua. "Kwani limelima?"

Akacheka. "Dada, huko njiani sijui walililaza wapi. Likilala, mafuta ya kwenye mota yanakimbilia kwenye mabomba. Ukiwasha hapohapo mota inasaga kavu, inagonga, inakufa. Lisimame kwanza, mafuta yarudi. Na usiligusishe ukuta, linapumulia mgongoni."

"Na sufuria ya moto?"

"Ni vibaya, linachoka, chakula kingine kinaharibika. Lakini sufuria moja kuua friji jipya siku hiyohiyo? Hapana."

Boksi lilikuwa limesimama kando yangu. Bilauri ileile. Mishale miwili ileile, imeelekea juu, maana yake simamisha. Mjomba alijua kuisoma bilauri, akaitumia kumchekesha bibi. Mishale iliyokuwa kando yake hakuisoma.

Nilimpigia mjomba simu. Yupo, mzima, na kisa hicho bado anakisimulia kwenye harusi. Nikamweleza habari ya mafuta. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hayo ya kale." Ya kale kwake. Aliyeshika jembe miaka yote hiyo si yeye.

Wiki iliyopita mama alikuja kumwona mjukuu. Nikamweleza vyote, maneno yananitoka vibaya kwa hasira. Alikuwa amekaa mkekani anakunja nepi. Hakustuka. Alikunja nyingine.

"Ile sufuria," akasema, "ni yeye aliyeniambia niiweke. Wewe ulikuwa umeenda kuchukua majagi. Alisema, tia na chakula, watu waone."

"Sasa mama, kwa nini hukusema?"

"Mbele ya watu? Nimuaibishe kaka yangu?" Akaninyooshea nepi. "Mmoja alikuwa lazima aaibike, Zuhura. Nikaona mimi nitaweza."

Nilikumbuka nikijikunja kwenye boksi, nikimwonea aibu mtu aliyekuwa ameibeba aibu ya nyumba nzima, na kila glasi ya maji aliyoikataa. Nikainuka, mtoto kifuani, nimletee maji, ya mtungini, kama mazoea.

"Kaa," akasema. "Unanyonyesha."

Akaenda mwenyewe. Akasimama mbele ya friji, akashika mpini kwa pindo la kanga, kama anaepua sufuria. "Limepumzika hili?"

"Limepumzika, mama."

Akafungua. Akamimina maji, akaufunga mlango taratibu, akaukandamiza mara moja kuhakikisha. Akakaa chini kama inavyompasa mtu anayekunywa maji, akanywa glasi nzima mpaka tone la mwisho, nami nikimtazama.

Meno hayakumuuma.