Hodi kwenye Chumba cha Giza

Fauzia binti Abdulmalik aliwahi kumfungia mlango mheshimiwa kutoka Nairobi, na mpaka leo wapo wanaosema alikuwa na kiburi. Nilikuwepo, nimebeba trei ya soda, na nasema alifanya sawa kabisa.

Ilikuwa mwaka 1996. Nilikuwa mhudumu wa ofisi katika maabara moja ndogo mjini Kakamega, upande wa Amalemba, iliyochunguza ugonjwa uliokuwa ukikausha miwa ya wakulima. Fauzia, mzaliwa wa Matungu, aliendesha hadubini ya leza tuliyopewa na chuo kimoja cha Ulaya walipoichoka. Leza ilipita juu ya kipande cha mzizi nukta kwa nukta. Mzizi uliotiwa rangi ulitoa mng'ao hafifu, na kichujio kikaizuia leza, kikauachia ule mng'ao peke yake ufike kwenye jicho la mashine.

Jicho hilo ni bomba la kioo linalokuza mwanga mdogo mno mpaka uonekane, na hapo ndipo penye balaa. Likiwa na umeme, taa ya kawaida tu ya chumbani inaliunguza. Kifuniko chake kilipotea safarini, kwa hiyo chumba chenyewe ndicho kilichokuwa kifuniko, madirisha yamezibwa na mlango umekomewa kwa ndani. Mashine ilikuja na macho mawili. La kwanza liliungua siku mhasibu alipofungua mlango kuuliza kama kuna chai. La pili likapachikwa, na jingine halikupatikana nchini.

Daktari Shitanda, mkuu wetu, aliyajua haya yote. Yeye ndiye aliyemfundisha Fauzia. Lakini woga ni kitu kibaya. Asubuhi ya ugeni alimwambia, "Mheshimiwa anataka kuona leza na picha kwa pamoja. Mlango uwe wazi, wenye kamera waingie."

"Achague kimoja, daktari. Nikizima jicho, waingie wote waone leza. Jicho likiwaka, mlango unabaki umefungwa."

"Sikuombi, Fauzia. Nakuambia."

Fauzia akaingia na kupiga komeo. Mle ndani mlikuwa na mizizi ya miwa ya Matungu, na rangi yake ilikuwa imeanza kufifia, kazi isingengoja.

Msafara ukafika. Mheshimiwa akabisha mwenyewe. "Hodi." Akabisha tena. "Hodi hapa."

"Nimesikia, mheshimiwa," Fauzia akajibu kutoka gizani. "Nikimaliza nitafungua."

Mheshimiwa hakungoja. Magari yaliondoka kabla sijafungua hata soda moja, na Shitanda akatangaza kwamba Ijumaa Fauzia akabidhi ufunguo aende zake. Nilizirudisha soda stoo kwa hasira. Fauzia alirudi kwenye mizizi yake.

Habari zilifika Matungu upesi, na zikamchoma babake, mkulima wa miwa. Katika boma la Abdulmalik, mtu akipiga hodi hujibiwa karibu hata chakula kikiwa hakitoshi. Ijumaa hiyo mzee akaja kwa baiskeli, kanzu ameikunja mpaka magotini, uso umekunjamana kuliko kanzu. Nikamwonyesha mlango.

"Asalaam aleikum. Hodi."

"Waaleikum salaam, baba. Jicho linawaka, siwezi kufungua."

"Ni mimi babako, Fauzia. Kwetu mgeni hafungiwangi mlango."

"Najua, baba. Lakini humu ndani kuna miwa yako." Akaongeza, "Na nikikufungulia wewe, yule wa Nairobi nilimfungia kwa nini?"

Nilidhani mzee ataupiga mlango teke.  Badala yake akavua kofia, akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

Ndipo Shitanda akatokea kuchukua ufunguo. Alimfahamu mzee mara moja, maana alikuwa amewahi kulala kwake alipokwenda kuchukua mizizi.

"Mzee, mbona unakaa chini? Ngoja nimwambie akufungulie." Akainua mkono abishe.

Abdulmalik akamshika pindo la koti lake jeupe. "Usibishe. Mimi nimemzaa na nimengoja. Wewe nawe keti."

Daktari aliutazama mlango, akamtazama mzee. Akaketi.

Nikaenda stoo, nikazitoa zile soda za mheshimiwa, nikawafungulia. Fauzia alipotoka na picha zake, chupa zilikuwa tupu, na hakuna aliyeutaja ufunguo.