Waya wa Tatu Ulitoka Wapi

Bado naiona, mwanangu, asubuhi ile wanaume sita walipoishusha mashine ya kukereza chuma mlangoni kwangu kule Igogo, wakaiviringisha juu ya mabomba hadi kwenye chumba tulichokuwa tukiwekea kuni. Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vya umma vikiuzwa kimoja baada ya kingine, na sisi tuliokuwa humo tukirudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa mkereza vyuma. Ndiyo, mwanamke, peke yangu katika karakana nzima. Kiwanda chetu kilipofungwa, mashine za zamani zikatolewa kwa waliozitaka, nami nikaichukua ile niliyoisimamia miaka kumi na miwili. Nilijua kila mlio wake.

Jambo moja tu sikuliwazia. Kiwandani mashine ile ilikuwa ikila umeme wa fezi tatu. Nyumbani, kama kwa majirani zangu wote, umeme ulikuwa wa fezi moja, ule wa taa na pasi. Nilipounganisha nyaya mbili kwenye mota iliyozoea tatu na kubonyeza swichi, mota ilinguruma tu kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, wala haikuzunguka. Nikaenda kuomba laini ya fezi tatu. Nikaambiwa haijafika mtaani kwetu, nisubiri.

Mwenzangu mmoja wa zamani kiwandani akanipa ujanja. "Izungushe kwa mkono kwanza, dada, halafu ndipo uiwashe. Itashika yenyewe."

Ikashika kweli! Nilicheka peke yangu mle chumbani. Tangu siku hiyo nikawa nazungusha kile kichwa kizito cha mbele chenye meno ya kubania chuma, na mume wangu, Mwalimu Elias, anabonyeza swichi ukutani. Alikuwa akifundisha shule ya msingi, na akirudi mchana ananisaidia kabla ya kula. Kazi zikaja. Ulikuwa wakati wa sangara, viwanda vya samaki vikiota kando ya ziwa, na kila mwenye boti la injini alikuwa na kitu kilichopinda au kulika. Niliona mota inachemka kupita kiasi na inatoa harufu ya vanishi ya nyaya zake ikiungua. Nikafungua dirisha.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu. Nilifungua dirisha, nikaona nimemaliza.

Basi siku moja bwana mmoja wa boti, Mafuru, akaniletea shafti nene ya propela niikereze. Nikaifunga, nikakizungusha kichwa kwa nguvu zangu zote. Uzito ukanishinda. Kikaenda nusu mzunguko, kikasita, kikaanza kurudi nyuma, na Elias akabonyeza swichi wakati huohuo. Mota ikashika, lakini ikashika kinyume. Kichwa kile, mwanangu, hukazwa kwa kusokotwa kama kifuniko cha chupa, na kikipelekwa kinyume kwa ghafla hujifungua. Kilijifungua. Kikachomoka pamoja na shafti, kikamwangukia Elias mguuni.

Sitakusimulia damu. Mifupa mitatu ilivunjika, na mpaka leo akitembea utaona.

Hospitalini aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemuuliza mtoto darasani. "Mama Neema, ulijua kwamba inaweza kwenda upande wa pili?"

Nikasema, "Sikujua."

"Ulijua kwa nini inashika?"

"Sikujua, Baba Neema."

Akageukia ukuta. Bora angenifokea. Mafuru naye alikuja siku iliyofuata, akampa pole mgonjwa, akaichukua shafti yake na kuipeleka kwa fundi mwingine. Sikumlaumu.

Niliifungua mota, nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaipeleka kwa Mzee Mazigo, fundi wa kusuka mota aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko pale mjini. Alikuwa mtu wa Nansio, aliyemaliza ujana wake akitengeneza umeme wa meli za ziwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, binti yangu," akainusa mota kabla ya kuigusa.

"Hii imebeba mzigo wa watatu kwa mikono ya mmoja na nusu," akasema. "Nani kaiumiza hivi?"

Nikamweleza yote, hata mguu wa Elias. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Ulihangaika kujua inawashwaje. Mbona hukuhangaika kujua kwa nini inakataa?"

Aibu ilinishika, lakini ndani ya aibu ile kitu kingine kikaamka. Kwa kweli, kwa nini ilikuwa inakataa? Nikamuuliza. Yule mzee akatoka nje, akaipindua baiskeli yake, akaiweka pedali moja juu kabisa.

"Ikandamize kwenda chini moja kwa moja."

Nikakandamiza. Haikwenda.

"Isogeze kidogo mbele, ukandamize." Ikaenda mbele. "Sasa isogeze nyuma kidogo." Ikarudi nyuma. "Fezi moja ni mguu mmoja unaokandamiza pedali iliyo juu. Una nguvu, lakini hauna upande. Fezi tatu ni miguu mitatu inayopokezana, hivyo pedali haikosi mtu wa kuisukuma, na upande unajulikana tangu mwanzo."

Nilibaki pale hadi jioni. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa pia. Nilimsumbua kwa maswali: kama nyumbani nina nyaya mbili tu, waya wa tatu nitautoa wapi? Akaniambia, "Utautengeneza." Nikadhani ananitania.

Alinitafutia mota nyingine kuukuu ya fezi tatu, kubwa kuliko ile ya kerezo langu, iliyotoka kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Akabadili miunganisho ya ndani ya mota zote mbili ili zikubaliane na umeme wa nyumbani. Tukaifunga ile kubwa sakafuni kwangu, haina kazi ya kuzungusha chochote, na kando yake tukaweka kimota cha pampu ya maji, kinachojiwasha chenyewe kwa umeme wa nyumbani, cha kuisukuma mwanzoni. Ilipopata mwendo tukaiwashia nyaya zetu mbili, ikaendelea yenyewe, imetulia, inavuma. Halafu mzee akachukua taa, ncha moja akaiunganisha na waya wa nyumba, na ncha ya pili akaigusisha kwenye waya wa tatu wa mota, ule usiounganishwa na nguzo wala ukuta.

Taa ikawaka.

Niliirudia mara ngapi ile taa, sijui. Mota kubwa, ikizunguka bure, ilikuwa inazaa fezi iliyokosekana, nasi tukaivuta hadi kwenye kerezo pamoja na zile nyaya mbili. Mzee Mazigo hakukubali niwashe kerezo mpaka aweke swichi inayojizima umeme ukikatika, kwa kuwa mgao ulikuwa mwingi siku hizo, na umeme ungerudi ukakuta mota zimesimama ungeziunguza zote.

Elias alikuja na magongo yake, akasimama mlangoni, hakuingia. Sikumwita. Nikawasha kerezo kwa kitufe chake, mikono yangu ikiwa mbali. Likaenda mbele. Nikalizima, nikaliwasha tena, mbele. Nikabadili nyaya mbili kama mzee alivyonielekeza, likaenda nyuma, polepole, nikiwa nimekitoa kwanza kile kichwa. Nikazirudisha. Nikaeleza kila hatua kwa sauti, kama mwanafunzi ubaoni. Baada ya muda mrefu akavuta kigoda, akaingia, akakaa karibu nami.

Mwanangu, leo una vifaa vidogo vya kufanya kazi hiyo yote ndani ya kisanduku, na hilo ni jema. Lakini nakuomba: kitu kikikukatalia, kaa nacho kwanza mpaka ujue sababu yake. Mashine ikikuonyesha joto na harufu, inakueleza habari, isikilize. Na ujanja usiouelewa, hata ukifanya kazi mara mia, usimsimamishe mtu unayempenda karibu nao. Uliza bila haya. Mimi nilikuwa fundi wa miaka kumi na miwili, nikauliza kama mtoto, na hapo ndipo ufundi wangu ulipoanza.

Mungu akupe mikono mizima na macho yasiyochoka kushangaa. Kila mlango wa kazi utakaoufungua, watu wako waingie salama na watoke salama.