Kitabu cha Bwana Sumaku

Majirani walimwita Bwana Sumaku, na wenye midomo walisema analipwa kwa kuchungulia. Si uongo sana. Miaka ishirini na sita, kila asubuhi, aliingia kwenye kibanda cha mbao chenye misumari ya shaba, akainamia darubini ndogo na kusoma sindano ya sumaku iliyoning'inia kwa uzi, ijulikane kaskazini yake imesogea kiasi gani. Chuma kikikaribia, sindano hudanganyika. Kwa hiyo funguo, saa na mkanda aliviacha mlangoni. Wageni aliwapekua bila haya. Hata waziri alivuliwa viatu, weee! Kitabu chake cha namba kilikuwa fahari yake kuliko kitu chochote.

Basi siku moja mkuu wa kituo hicho cha vipimo, binti wa rika la wanawe, akamwita ofisini.

"Mzee, namba zako za miaka miwili zimepotoka kidogo, kila siku. Halafu Jumanne moja, mwezi wa tatu, zinanyooka ghafla. Siku hiyo ulibadilisha nini?"

Alitaka kuwaka. Yeye, apotoke? Kisha tarehe ikamwingia, akanywea. Jumatatu iliyotangulia alikuwa amemzika mkewe.

Mkewe alipougua, vidole vilitetemeka, hakuweza tena kushona kifungo. Lakini kumvalisha mumewe hakumwachia mtu. Kila asubuhi alimbana kola kwa pini ya chuma, kwa ndani, akamwambia, "Haya nenda, umependeza." Na huyu aliyepekua dunia nzima, jamani, hakuwahi kujipekua shingoni! Jumanne ile alivaa mwenyewe, kola wazi.

"Ni pini," alisema. "Uzembe wangu mwenyewe."

Namba mbovu hukatwa na aliyeiandika, kwa wino mwekundu.

"Piga mstari mmoja kila ukurasa, Mzee, inatosha."

Akakataa. Alizikata moja moja, kila asubuhi aliyobanwa kola, akilia waziwazi mbele ya yule binti. Jioni ikamkuta kwenye Ijumaa ya mwisho. Siku iliyofuata Ijumaa hiyo ndipo mkewe alipofariki.

"Hii niachie, mwanangu."

"Siwezi, Mzee. Nayo si ya kweli."

"Ya kweli," alisema. "Alikuwa hai."

Binti akamsogezea wino mwekundu. Mzee akaikata, akatia sahihi.