Kaburi la Mseti

Nimerudi kutoka Kerende na hasira ambayo bado haijanitoka, na kwa kuwa mume wangu amechoka kunisikiliza, naiandika. Inamhusu jirani yangu Imelda, mwenye mashine ya kusaga hapa Nyamisangura, mjini Tarime. Sisi tunamwita Mama Precious. Mimi nauza vitenge mlango wa pili, na vumbi la unga wake liliniharibia vitambaa vingi mpaka ujirani wetu ukaanza kwa kugombana. Sasa ni miaka mingi tunakunywa chai pamoja, yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu. Akifiwa ninakwenda, nikifiwa anakuja.

Mama Precious ni mtu wa sauti kubwa. Mashine imemfanya hivyo; wanasema hata kanisani akiitikia sala watu wa mbele wanageuka. Mume wake alifariki mapema, yeye akasomesha watoto kwa unga na pumba, na sijawahi kumwona akimbembeleza mtu. Mtu wa namna hiyo ukimkuta amekaa juu ya gunia analia kimyakimya, unajua kuna jambo.

Jambo lilitoka kwenye simu. Ukoo wao, kina Nyamhanga wa Kerende, wana kundi la WhatsApp, na humo mwenyekiti wa kamati ya ukoo, Filemoni, alikuwa ametangaza kwamba utajengwa mnara wa saruji kwenye boma la babu yao Nyamhanga, wenye majina ya wazee wote na watoto wao. Kila nyumba ilete majina. Nyumba isiyoweza kueleza babu yake aliishia wapi na amezikwa wapi itaandikwa chini kabisa, kwenye sehemu ya waliokaribishwa.

Waliokaribishwa ni wageni, hakuna namna nyingine ya kulisema. Yaani marehemu baba yake Mama Precious, mzee Benedicto, aliyezaliwa kwenye boma lile, akalima pale na akazikwa pale, aandikwe kama mpita njia aliyeonewa huruma. Sababu ni moja tu. Benedicto alikuwa mwana wa Mseti, na Mseti hakuna aliyejua alikokwenda.

Nyamhanga alikuwa na wake wawili. Filemoni ni mjukuu wa nyumba kubwa. Mama Precious anatoka nyumba ndogo, nyumba ya bibi aliyeitwa Wegesa, na Mseti, kwa jinsi alivyolelewa kujua, alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Wegesa, aliyeoa msichana anayeitwa Wankuru, akamzaa Benedicto, kisha akatoweka. Benedicto mwenyewe alipokuwa hai, akiulizwa habari za baba yake alijibu kwa kifupi tu: "Mseti alinipa jina, inatosha."

Kwa Filemoni haikutosha. Kwa hiyo Mama Precious akafunga mashine na kuanza kumtafuta babu, na mimi, kwa kuwa siwezi kukaa mbali na shughuli za watu, nikafuatana naye.

Tulianzia parokiani. Kitabu cha ubatizo kilikuwepo, kimeliwa na mchwa pembeni, na jina la Benedicto lilikuwepo. Mama: Wankuru. Baba: Mseti. Mbele ya jina la Mseti, mahali pa dini na makazi, padri wa zamani alikuwa amechora mstari. Mama Precious aliuangalia ule mstari kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa kwa ndani.

Kisha Musoma, kuulizia majina ya waliochukuliwa vitani wakati wa Mwingereza, maana wazee wa hapa mjini walisema labda alikwenda Keya, jeshi la Mwingereza. Wakatupeleka dirisha hili na lile, hatukupata kitu. Kisha tukavuka mpaka wa Kenya pale Sirari hadi Migori, kwa kuwa zamani vijana wengi wa huku walikwenda kule kuchimba dhahabu. Karani mmoja kijana akatusaidia kwa moyo mzuri, akafunua mafaili mpaka akapiga chafya, mwishoni akasema, "Mathe, huyu guka, huyu babu yenu, hayuko. Sijui niwaambie nini." Tulimpata Mseti mmoja kule, ndiyo, tukala ugali kwa wajukuu zake na nikawapa kitenge kizuri kabisa, mpaka ilipobainika kwamba yule ni wa ukoo mwingine na alikufa kwenye kitanda chake. Kile kitenge sikukidai.

Wakati wote huo Mama Precious aliwauliza wazee wa Kerende. Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Aliwauliza wote, mmoja mmoja, na shikamoo juu, na sukari mkononi. Mmoja akasema, "Mseti hayupo." Mwingine, "Mseti hakuonekana." Mwingine akatikisa kichwa na kusema, "Huyo, mwanangu, usimtafute sana." Sisi tukadhani ni huzuni. Tukadhani alikufa kifo kibaya. Hakuna aliyesema uongo, ukiyasikiliza maneno yao leo, na hakuna aliyekuwa na huruma ya kusema ukweli.

Aliyesema ukweli ni mwanamke, na tulimfikia mwisho kwa sababu hata sisi wanawake tulianza kwa kuuliza wanaume. Wankuru alikuwa ametoka Kisaka, wilaya ya Serengeti. Amekwisha kufa, lakini mdogo wake, Bibi Matinde, bado yuko hai. Tukavuka mto Mara kwa bodaboda, tukamkuta nyuma ya nyumba anapepeta ulezi, mdogo, mkavu, macho yanaona vizuri kuliko yangu. Mama Precious akainama.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Imelda, mtoto wa Benedicto wa dada yako Wankuru."

"Marahaba. Umefanana naye mdomo. Mmekuja na njaa au mmekuja na maneno?"

"Na maneno, bibi. Namtafuta babu yangu Mseti."

Bibi Matinde akaweka ungo chini. "Mseti yupi?"

"Mume wa dada yako."

"Dada yangu hakuolewa na mwanaume." Alisema hivyo bila kupunguza sauti, kana kwamba tumeuliza bei ya chumvi. "Ni Wegesa alikuja hapa. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, nilimwona. Mwanamke mzima ameswaga ng'ombe zake mwenyewe, ameshika fimbo. Baba akamuuliza, mtoto wako wa kiume yuko wapi? Akasema, anaitwa Mseti, hajazaliwa, na mimi sizai tena, lakini namtafutia mke. Baba akahesabu ng'ombe, akakubali."

Nitaeleza kwa asiye wa huku. Nyumba ntobhu sote tunaijua, hata mimi ambaye wazazi wangu walitokea Tanga. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto wa yule msichana wanakuwa wa nyumba yake. Mama Precious ana majirani wa namna hiyo. Lakini hakujua, wala mimi sikujua, kwamba zamani wengine walifanya hivi: mama anamtaja mtoto wa kiume ambaye hakumpata, anampa jina, na msichana anaolewa kwa jina hilo. Watoto wanaitwa wa fulani. Na kwa heshima ya ile nyumba, hakuna mtu anayeruhusiwa kusema kwamba fulani huyo hayupo duniani. Ukisema, umeibomoa nyumba. Basi sisi tumezunguka Musoma mpaka Migori tukitafuta miguu ya mtu aliyekuwa jina tu.

"Basi aliyemzaa baba yangu ni nani?" Mama Precious aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Mtu. Alikuja, akaenda. Hakuleta hata kibaba cha ulezi. Unamtakia nini?" Bibi akauokota ungo wake. "Nyumba kubwa walikuwa wanangoja Wegesa afe wagawane shamba na mifugo, kwa kuwa hakuwa na mwana. Wewe umekaa kwenye boma lile kwa sababu yake. Alimfundisha dada yangu kukamua, alimlea baba yako mgongoni mwake. Leo mnatembea nchi nzima mnauliza Mseti, Mseti. Umewahi kuuliza Wegesa amelala wapi?"

Mama Precious hakuwahi. Njiani kurudi, tulipofika mtoni, akaniambia, "Wameniacha nizunguke, mama Muzamil. Filemoni alijua." Nilimwambia labda hakujua. Alijua. Baba yake ndiye mmoja wa wale waliokuwa wakingoja lile shamba.

Siku ya mnara tulikwenda Kerende pamoja. Boma lilikuwa limefagiliwa, turubai zimefungwa, sufuria za pilau zinafuka. Fundi wa mnara alikuwa Makoye, Msukuma aliyekuja huku kwa ajili ya dhahabu na akaona saruji inalipa vizuri zaidi. Ukuta ulikuwa umesimama, plasta bado mbichi, na yeye na mwiko na msumari wake wa kuchorea majina. Pembeni kulikuwa na shimo lililochimbwa vizuri, na kando ya shimo mgomba uliokatwa na kuviringishwa sanda nyeupe.

Filemoni alikuwa amevaa suti. Alitupokea kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kukumalizia kazi yako.

"Dada, nimekutafutia njia," akasema. "Wazee wamekubali. Tunamzika Mseti kwa mgomba, kama anavyozikwa mtu aliyepotea. Anapata kaburi, anaandikwa kwenye mnara, na baba yako anaandikwa chini yake. Wewe utatupa udongo wa kwanza. Yameisha."

"Na Wegesa?"

"Wegesa ndiyo nani kwenye mnara? Hapa tunaandika wanaume. Hata bibi yangu hajaandikwa."

Tazameni. Mtu ambaye hajawahi kupumua anachimbiwa kaburi, ananunuliwa sanda, analiliwa, na wake za watu wamepika pilau. Mwanamke aliyeswaga ng'ombe kwa mkono wake ili nyumba isife, hata mahali pa msumari hana. Nilitaka kusema kitu. Mama Precious akanishika mkono.

Makoye, masikini, hajui mila za watu, akauliza kwa adabu, "Mzee, huyu Mseti nimwandikie alizaliwa lini?"

Wazee wakaangalia chini. Filemoni akasema, "Andika jina tu."

"Na alizaliwa na nani? Hawa wote nimeandika fulani wa fulani."

"Wa Nyamhanga," akasema Filemoni.

"Wa Wegesa," akasema Mama Precious, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya mashine, watu wa jikoni wakanyoosha shingo. "Andika, fundi. Mseti, mwana wa Wegesa, aliyemwoza mke kwa ng'ombe zake mwenyewe."

"Hilo haliandikwi," Filemoni alisema.

"Ni uongo?"

Filemoni akafunga kifungo cha suti yake.

"Kaka Filemoni, nauliza mbele ya wazee. Kama ni uongo sema. Sema Mseti alizaliwa na nani na nani aliyemtolea mahari. Usimfiche mtu, leo ndiyo siku yake."

Nilimtazama Filemoni usoni na nakiri nilifurahi. Akisema Wegesa hakumzaa Mseti, itabidi aseme kwamba hakuna aliyemzaa, na neno hilo hawezi kulitamka kwenye boma lile mbele ya wazee wale, mgomba wake ukiwa umelala ndani ya sanda. Ile ile heshima waliyoitumia kumficha Mama Precious ukweli ikawa imemfunga Filemoni mwenyewe. Alimgeukia mzee mmoja, yule mzee akajishughulisha na fimbo yake. Makoye alisubiri. Plasta ilikuwa inakauka, na fundi hangoji mkutano. Alipoona hakuna anayekataa, akainama akachora.

Alichora taratibu, kwa herufi za shule. Mseti wa Wegesa. Yale maneno ya ng'ombe hayakuenea, nafasi ilikuwa imekwisha. Chini yake akachora Benedicto.

Mama Precious alisimama akilisoma jina lile. Kisha akamwendea mke wa Filemoni, aliyekuwa akipanga sahani, akamuuliza kwa sauti ya chini bibi Wegesa alizikwa wapi. Yule mama aliweka sahani chini. Alielekeza kwa kidevu, nyuma ya zizi la mbuzi.

Mzee wa mila alikuwa ameanza kuita jina la Mseti. Mgomba ulishushwa shimoni, wanawake wakaanza kulia kama inavyotakiwa, na Filemoni akatangaza kwamba mjukuu wa marehemu atatupa udongo wa kwanza. Mama Precious akaja, watu wakampisha. Akainama ukingoni, akachota udongo wa kaburi la Mseti kwa mikono miwili, ikajaa. Halafu akageuka nao, akapita katikati ya watu wote, akapita mnara, akaenda nyuma ya zizi. Mbuzi wakasogea.

Kule kaburini walibaki wamesimama, mwenyekiti na suti yake, wakingoja udongo wa kwanza. Mimi sikubaki kuangalia walifanya nini baadaye. Nilimfuata jirani yangu, nikamkuta amepiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, mikono mitupu, anasema, "Shikamoo, bibi. Shikamoo."